Mchanganyiko Wangu wa Viti vya Bluu

Machi 4

Mvua imekata barabara na lori la malighafi limekwama ng'ambo ya mto. Bosi amezunguka kiwandani asubuhi nzima akimuuliza kila mtu "Linakuja lini?" kana kwamba tumelificha lori mifukoni. Maduka yote yanataka viti vya bluu, na plastiki ya viti iliyobaki ghalani haimalizi wiki.

Nikasema, tena mbele za watu ili wasikie, kwamba naweza kuirefusha. Nyuma ya ghala tuna lundo la madumu ya zamani yaliyokwisha kusagwa. Nikiyachanganya na plastiki ya viti kwa kiasi, tutafika hadi lori lije.

"Daktari," akasema Bosi, "bila wewe tungekuwa tumefunga milango."

Mimi si daktari wa chochote. Nina diploma ya plastiki na chumba kidogo chenye mizani, darubini na feni mbovu. Lakini nikiitwa jina hilo kichwa kinavimba, siwezi kujizuia.

Machi 6

Kundi la kwanza la mchanganyiko limetoka leo. Niandike nilichokifanya, maana nimekifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Plastiki ya viti na plastiki ya madumu ni ndugu, lakini hawakai chumba kimoja. Ukiziyeyusha pamoja zinaonekana kitu kimoja, ni macho tu yanadanganyika. Zikianza kupoa, nyuzi za plastiki ya viti zinajikunja na kujipanga mapema, zinakuwa fuwele, vijinyota vidogo vidogo unavyoviona kwa darubini. Plastiki ya madumu inakawia kuganda, inabaki matone matone katikati ya vile vijinyota. Matone yakiwa machache hayana ubaya, wakati mwingine kiti kinapata hata uvumilivu zaidi. Yakizidi, kila tone ni mahali pa kuanzia ufa.

Mimi nimeweka mengi. Kiasi nilichokuwa nimekusudia hakikutosha kufikisha oda, nikaongeza, kisha nikaongeza tena.

Hapa kwetu kiti cha kwanza cha kila kundi hukaliwa na mpakiaji mmoja tunayemwita Tani, na ukimwona huulizi kwa nini. Anakaa kiti kikiwa bado na joto la mashine, anaegemea nyuma kwa miguu miwili ya kiti, anajitikisa, halafu anapaza sauti: "Kimenibeba!" Watu wanapiga makofi na kazi inaanza. Ni mchezo tu. Kipimo cha kweli ni changu: viti vichache vinakaa chini ya rafu yangu wiki tatu, ndipo navivunja. Plastiki haimalizi kuganda siku inapotoka kwenye mashine. Fuwele zinaendelea kukua kimyakimya, na kiti kilichokuwa kinapinda vizuri jana kinaweza kukataa kupinda mwezi ujao.

Safari hii hakuna wiki tatu. Tani amesema kimembeba, nami nikatia sahihi.

Machi 9

Mvua. Viti vinatoka vizuri, vinang'aa kuliko vya zamani.

Machi 13

Shemeji yangu amekuja chumbani kwangu amekunja uso. Yeye ni kaka mkubwa wa mume wangu na ndiye anayeendesha mashine. Ndiye pia aliyenipeleka kwa Bosi nikiwa sina mbele wala nyuma, akasema "huyu ni mke wa mdogo wangu, ana kichwa," basi nikapata kazi.

"Shem, Bosi ananiambia nipunguze muda wa kupoza. Eti maji ya mvua ni ya baridi, kiti kinaganda haraka. Mimi naona kinatoka hakijatulia."

"Punguza tu kama amesema."

"Na huo mchanganyiko wako uko sawa lakini?"

"Uko sawa, Shem."

Nilijibu kwa mkato, kama mtu aliyeulizwa kama ameoga. Akainua mikono, akacheka, akaenda zake.

Machi 14

Nimepeleka kiti kimoja nyumbani kwa ajili ya Mama, yaani mama mkwe, tunaishi naye. Amekifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Hiki kakitoa mwanangu?" Nikasema ndiyo, Shemeji mwenyewe. Amekiweka karibu na mlango wa jikoni na sasa hatuwezi kupita bila kuambiwa ni nani aliyekitengeneza. Sikumwambia kwamba mchanganyiko ni wangu. Nilijiona mnyenyekevu.

Machi 20

Shemeji amerudisha muda wa kupoza kama zamani, baada ya wiki moja tu ya haraka haraka. Bosi ameona, akapita.

Machi 27

Lori limefika, limejaa tope hadi kwenye vioo. Nimeacha kuchanganya. Nilidhani ningefurahi.

Aprili 3

Mama ameanguka.

Nilikuwa jikoni naosha vyombo, yeye amekaa anachambua mchele kwenye ungo. Alinyoosha tu mkono kuchukua kikombe. Nilisikia sauti kavu, kama mtu amevunja biskuti karibu na sikio langu, kisha mchele ukamwagika sakafuni, kisha yeye. Mguu wa nyuma wa kiti ulikuwa umekatika, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya mwili mahali ambapo mkono hautakiwi kuwa.

"Mwanangu kaniua," alisema. Aliposema hivyo alikuwa karibu kucheka, nadhani kwa mshtuko. Kisha maumivu yakafika na hakucheka tena.

Mume wangu aliita gari. Wakati anamwinua mama yake, mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mguu wa kiti. Plastiki nzuri haivunjiki hivyo. Inapinda kwanza, inavutika, inakuwa nyeupe pale inapoumia, inakupa nafasi ya kusimama. Huu ulikuwa umekatika mkato mmoja, safi. Niliuokota nikautia kwenye mkoba wangu kabla sijachukua viatu vya Mama.

Hospitali wamemfunga plasta hadi kwenye kiwiko. Kifundo cha mkono kimevunjika, na nyonga imevilia damu ila ni nzima. Daktari, wa kweli huyu, alimuuliza ameangukaje. "Kiti cha mwanangu," akajibu. Daktari akacheka, na mume wangu akacheka. Nikacheka nao.

Aprili 4

Nilijua kabla sijaweka jicho kwenye darubini. Matone ya plastiki ya madumu yamejaa kila mahali, na kuzunguka kila tone kuna pengo jembamba. Fuwele zilivyoendelea kukua wiki zote hizi zimejibana, zikaliachia tone. Kiti kizima kilikuwa matundu ya namna hiyo.

Mchana Bosi ametuita wote. Duka moja limerudisha viti viwili vilivyovunjika, na vyote vina muhuri wa ile wiki ya haraka haraka. Kila kiti chetu kina tarehe chini ya kikalio. Bosi akauliza ni nani aliyechezea mashine, wakati ni yeye aliyeamuru ichezewe.

Shemeji akasimama. Amejua habari za mama yake tangu jana, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilipunguza muda wa kupoza," akasema. "Nilijua haifai nikapunguza. Ni mimi."

Bosi akatazama paa. Mimi nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, nikahisi hewa baridi kwenye meno. Kisha nikaufunga.

Wamekubaliana kwamba viti vya wiki ile virudishwe kutoka madukani. Vya wiki ile tu. Mchanganyiko wangu umepita kwenye mashine kuanzia mwanzo wa Machi hadi lori lilipofika.

Aprili 5

Inawezekana kweli ni muda wa kupoza. Kiti kikipozwa upesi, nyuzi hazipati nafasi ya kujipanga vizuri ndani ya kalibu, ile chuma inayokipa kiti umbo, na kazi yote ya kuganda inabaki kufanyika baadaye, nje. Hilo ni kweli, nimelisoma. Na viti viwili vilivyorudi vina tarehe za wiki ile. Cha Mama pia.

Nimeamua kufanya jaribio. Nimeomba viti vya aina mbili: vya plastiki mpya vilivyopozwa haraka, na vya mchanganyiko wangu, mabaki yaliyokuwa kwenye pipa, vilivyopozwa polepole inavyotakiwa. Nimeviweka chini ya rafu. Tutaona kosa ni la nani.

Nasoma hapo juu naona nimeandika "tutaona". Ukweli ni kwamba nimejipatia wiki kadhaa za kunyamaza na nimezipa jina zuri.

Aprili 8

Mama hawezi kujiosha. Kila jioni namkalisha kwenye kigoda bafuni, nafunga plasta kwa mfuko ili isilowe, namsugua mgongo. Anapenda maji ya moto kiasi cha kutoa moshi. "Ona," amesema leo, "niliyemzaa kanivunja, mtoto wa watu ndiye ananilea." Nikamwambia afumbe macho, sabuni inakuja.

Aprili 11

Shemeji amekuja na mfuko wa machungwa. Mama aligeuza uso ukutani. Nilidhani ni mzaha, maana Mama kwa mizaha hajambo, lakini alikaa hivyo hivyo. "Mwambieni akaniletee na kiti cha kunimalizia."

"Mama, jamani," akasema mume wangu, anacheka. "Kaka, viti vyako vina meno!"

Shemeji akacheka pia, kicheko cha kuwasaidia wengine. Alimenya chungwa, akalipanga vipande kwenye sahani, akaisogeza kitandani. Halikuguswa. Chakula kilikuwa tayari lakini alisema ameshiba, na mimi najua anaishi peke yake na hapiki. Nilimsindikiza hadi barazani.

"Alinikataza nisiwe na haraka tangu mdogo," akaniambia. "Kila kitu, mwanangu taratibu, mwanangu taratibu. Nami nikaenda kufanya haraka kwenye kiti chake yeye."

Nilimwambia atasahau tu. Ndiyo niliyosema. Nilikuwa na maneno mengine yote mdomoni na nikachagua hayo.

Aprili 12

Nimegonga kiti kimoja cha kila aina kwa nyundo ya majaribio. Vyote vimehimili. Nilifurahi, kisha nikajiuliza nafurahia nini.

Aprili 15

Wamemwondoa Shemeji kwenye mashine. Anafagia uwanja na kufunga mizigo na akina Tani, na mwisho wa mwezi Bosi ataamua kama anabaki au anaondoka. Ananisalimia vile vile. "Shem, hujambo? Mama ameamkaje?" Natamani angeninunia.

Aprili 19

Mvua. Vimehimili. Mama ameuliza kwa nini sili.

Aprili 24

Leo kiti cha mchanganyiko kimevunjika pigo la kwanza. Mguu uliruka ukagonga ukuta.

Nikachukua kingine cha mchanganyiko. Kikavunjika. Cha tatu kilipasuka kwenye kikalio, nyundo ilikigusa tu. Vyote hivi vilipozwa taratibu, kwa muda ule ule Shemeji anaoutaka siku zote. Nikageukia vile vya plastiki mpya vilivyopozwa haraka haraka. Nikapiga mpaka mkono ukauma. Vilibonyea, vikawa vyeupe pale vilipoumia, vikarudi. Nikakikalia kimoja nikaegemea nyuma kwa miguu miwili kama Tani. Kikanibeba.

Kwa hiyo najua. Ile haraka ya Shemeji ingetupa viti vibaya kidogo, vilivyopinda hapa na pale. Haikuvunja mkono wa mtu. Na vya wiki nyingine zote viko majumbani, madukani, kwenye vibaraza, vinaendelea kukauka na watu wako juu yake.

Ungedhani nilitoka mbio. Nilifagia vipande, nikaja nyumbani, nikachemsha maji. Mama aliniambia mikono yangu ina baraka. Nilimmwagia maji kichwani.

Aprili 25

Asubuhi nilipita dukani kununua sabuni. Mlangoni kuna viti vyetu vya bluu vimepangwa, na kimoja kimeshushwa, kimekaliwa na mwanamke mjamzito anayesubiri mvua ipungue. Alikuwa amejiegemeza, mkono mmoja juu ya tumbo, anajipepea kwa kipande cha boksi.

Nikamwambia mwenye duka asimkalishe mtu hapo.

"Dada, hivi havina shida. Kiwanda kimetupigia simu, vibovu ni vya wiki moja tu. Hivi nimegeuza nimeangalia tarehe." Akaniambia kwa fahari, mtu aliyetii maagizo. Maagizo tuliyompa sisi.

Nilimshika yule mwanamke mkono nikamwinua. Alidhani nina wazimu. Nikamwambia mwenye duka mimi ndiye niliyechanganya plastiki ya viti hivyo na kwamba vyote ni vibovu, aviingize ndani. Ni mara ya kwanza kuyasema maneno hayo, na niliyasema kwa watu nisiowajua.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Bosi, nikiwa nimelowa chapachapa. Alinisikiliza huku anatafuta kalamu yake.

"Daktari, jambo hili limekwisha. Mtu mwenyewe amekubali kosa."

"Amekubali la kwangu."

"Unataka turudishe viti vya mwezi mzima? Unajua unachosema?"

"Najua, Bosi."

"Basi kaa chini, tulia, kunywa chai."

Sikukaa. Nilibeba kiti kimoja cha mchanganyiko kutoka chini ya rafu hadi katikati ya kiwanda, nikamwomba fundi azime mashine. Watu wakajikusanya. Tani akaja anakunja mikono ya shati, anajua kazi yake, akageuza mgongo apate kukaa. Nikampigia kelele mpaka akaruka. Nikaomba mifuko ya malighafi. Tuliipanga juu ya kiti mmoja mmoja, na kabla haijafikia nusu ya uzito wa Tani kiti kikapasuka, mifuko ikaporomoka, punje zikamwagika hadi miguuni kwa Bosi.

Hakuna aliyepiga makofi. Tani alikuwa amekuwa wa rangi ya jivu. "Mimi nimevikalia vyote hivi," akasema. "Nimeviimbia."

Nikasema mbele ya wote kwamba ni mchanganyiko wangu, kwamba nilizidisha, kwamba nilitia sahihi bila kusubiri, na kwamba muda wa kupoza haukuwa chanzo. Bosi hakuwa na pa kutazama safari hii. Viti vyote vinarudishwa.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma na ufagio. Nilimfuata uwanjani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa kofi.

"Shem, nisamehe. Ni mimi."

Alifagia kidogo mahali palipokuwa pasafi.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuja chumbani kwako nikakuuliza."

Akasogea na ufagio wake upande wa pili wa uwanja.

Aprili 26

Nilimwambia Mama jioni, bafuni, kwa sababu ndipo tunapozungumza. Nilikuwa nyuma yake nimeshika sabuni. Nilianza na fuwele na madumu, nikaona napiga chenga, nikasema tu: "Mama, kiti kile nilikiharibu mimi. Siyo Shemeji."

Povu lilikuwa linateremka mgongoni kwake.

"Umejua lini?"

"Kwa hakika, juzi."

"Sijauliza kwa hakika."

"Siku ile ile, Mama. Nilipouona mguu wa kiti."

"Na umenisugua mgongo siku zote hizi."

"Ndiyo, Mama."

"Nipe taulo."

Nikampa. Alijifunika mbele, polepole, kwa mkono mmoja, kama mtu aliyegundua kuna mgeni chumbani.

"Mkono si kitu," akasema. "Mkono utaunga. Lakini nimemfukuza mwanangu bila kumtamkia neno, nimemnyima uso wangu, na wewe umesimama hapo umeshika sabuni unasikia." Akaomba simu. Nikaileta, nikabonyeza jina la Shemeji, nikamwekea sikioni. Akanionyesha kwa kidevu kwamba nitoke.

Aprili 30

Shemeji amerudishwa kwenye mashine. Mimi sina tena chumba wala darubini. Natembea mtaa kwa mtaa na gari la kiwanda, nakusanya viti vya bluu. Wengine wanavitoa kwa shingo upande, wananiambia vyao ni vizima. Mzee mmoja amekataa kabisa kusimama. Ilibidi nipige magoti kwenye maji ya mvua nimbembeleze.

Mei 4

Shemeji amekuja kula. Mama amelishwa naye, kijiko kwa kijiko, na walikuwa wanataniana, "taratibu mwanangu, unanilisha kama unamwaga zege." Mume wangu alicheka hadi machozi. Nilipoleta maji ya kunawa Mama alisema "weka hapo," na Shemeji alisema "ahsante, Shem," kwa heshima kabisa. Kisha wakangoja nitoke ndipo waendelee.

Mei 7

Mama sasa anaoga mwenyewe. Amegoma kusaidiwa. Hawezi kuishika kata ya kuchotea maji na sabuni kwa pamoja, nasikia kata ikianguka, nasikia maji yakimwagika nje ya beseni, nasikia anavyotukana plasta. Jioni zote hizi nasimama mlangoni na taulo ya moto niliyoianika karibu na jiko.

Leo nilipiga moyo konde nikabisha.

"Nani?"

"Mimi, Mama."

Kata ikatulia kidogo. Kisha nikasikia maji yakimwagika tena, na nikaiweka taulo kwenye kitasa nikarudi jikoni.